Chai Aliyopewa Mzee Bura Sigino

Siku ya kuniaga pale ofisi ya kata walinipa kipaza sauti. Nikasema asanteni, nikakaa. Wengine walidhani nimezidiwa na machozi. Sikuzidiwa na kitu. Kile kipaza sauti kilikuwa kinapiga mluzi, na mimi sishindani na chombo. Maneno niliyokuwa nayo nimeyaandika hapa, kwa ajili yenu wahudumu vijana mliopokea kaya zangu za Singe na Sigino. Shule niliishia darasa la nne. Nyumba yangu ya tofali nimeijenga kwa kuuza maziwa kwa baiskeli, hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo nitasema kama ninavyosema siku zote, na anayetaka maneno ya kubembeleza akasome mabango ya zahanati.

Nilianza kazi mkoa ukiwa mchanga. Tulikuwa tumekatwa kutoka Arusha, Babati ikawa makao makuu, na sisi tuliozoea mji wa mabasi kupita tukaanza kuona watu wa ofisi wakitafuta vyumba vya kupanga. Hao wa ofisi ndio waliosema kila mtaa utoe mtu wa kufundisha lishe nyumba kwa nyumba. Kwenye mkutano wa Singe nilichaguliwa mimi kwa sababu moja tu: mbwa wote walikuwa wananijua, kwa ajili ya kupeleka maziwa. Msicheke. Mhudumu anayeogopa mbwa atafundishia barabarani.

Nikakabidhiwa kwa Mzee Bura. Alikuwa mtu wa Sigino, mfupi, mpana wa kifua, koti la kijivu mvua na jua, miguuni katambuga za matairi. Kazi ya kuzungukia kaya aliianza zamani kwenye mambo ya chanjo. Yeye ndiye aliyenifundisha karibu kila ninachokijua, na yeye ndiye aliyenikosesha raha kuliko mtu mwingine yeyote, nikijumlisha na watoto wangu wa kuzaa.

Siku ya kwanza alinipa mizani niibebe. Ile ya kuning'iniza, yenye uso kama saa. Tulifika kwenye nyumba ya kwanza, tukaifunga kwenye boriti ya banda la ng'ombe, mtoto akavishwa ile kaptula ya mikanda, akaning'inia huku analia kwa hasira. Bibi yake akatoka jikoni.

"Mnampima kilo mnataka kumuuza?"

"Bado hajafikia bei, mama," Mzee Bura akamjibu. "Ndiyo maana tumekuja."

Bibi akacheka, akarudi jikoni, akaleta chai. Mimi nilikuwa nimekunywa chai nyumbani, nikasema asante, nimeshiba. Mzee Bura akanitazama kama nimetema mate kwenye sakafu ya watu. Akachukua kikombe chake, akanywa chote, akasifu, ndipo akafungua mdomo kuhusu yai la kumlisha mtoto. Tulipotoka akaniambia, "Mama Anjela, ukikataa chai umekataa nyumba. Mwenye nyumba uliyemkataa utamfundisha nini?"

Nikaelewa. Na nyie nataka muelewe chai yenyewe ilivyo, maana wengine mmekulia mjini na mnakunywa ya kuchovya. Chai ya Sigino ni ya maziwa, imechemka mpaka imebadilika rangi, na sukari inatiwa kwenye sufuria kabla hujaulizwa. Mgeni hapimiwi sukari. Kumpimia ni kumwambia hujafurahi kumwona. Sasa chukua nyumba zote za asubuhi moja, zidisha kwa miaka ya Mzee Bura kazini.

Kazi ilikwenda. Tulifundisha watu kula mbaazi zao, maana walikuwa wanazilima, wanazivuna, wanazipeleka zote sokoni, halafu watoto wanakula ugali na mlenda Jumatatu hadi Jumapili. Tulipika uwanjani, akina mama wakionja. Tulipita na ule utepe wa kupima mkono wa mtoto, na nawaambia kweli, utepe ukisimama kwenye nyekundu, yaani mtoto ana utapiamlo mkali, hata leo natamani kupima upya. Usimwoneshe mama uso wako wakati huo. Angalia utepe, pumua, halafu ndiyo umwangalie.

Kisha ofisi ikaleta habari ya mazoezi. Hapo ndipo tulipochekwa hasa. Kulikuwa na mama mmoja Sigino, Mama Daniel, mwanamke mwenye mdomo ambao ningeuajiri. Alimwambia Mzee Bura mbele ya wenzake, "Mimi nimeamka nimekata majani ya ng'ombe, nimeteka maji, nimelima. Sasa unataka niruke ruke?"

"Wewe hapana," Mzee Bura akasema. "Mume wako."

Baba Daniel alikuwa amekaa kwenye kigoda chake nje ya nyumba, mtu mkubwa, hasemi. Akina mama walicheka mpaka ikabidi darasa lisimame. Yeye aliinuka taratibu akaingia ndani, na tangu siku hiyo alikuwa akituona tunaingia getini yeye anatokea nyuma.

Walioitikia mazoezi ni wafanyabiashara wa mjini, wale wanaokaa dukani kutwa nzima. Aliyewakusanya ni Bi Zaituni, mwenye duka la jumla, mama wa Kiislamu ambaye babu yake alikuja Babati kutoka pwani na biashara. Yeye alikuwa na ugonjwa wa sukari na hakuficha. Alikuwa anautaja kama mtu anavyomtaja mpangaji msumbufu. Alfajiri tulikuwa tunatembea nao kuelekea upande wa ziwa, Mzee Bura mbele. Siku tuliyomkuta kiboko bado yuko majanini, watu ambao walikuwa wanalalamika magoti walikimbia vizuri sana. Mzee Bura alisema ndiyo mara ya kwanza darasa zima kufanya zoezi sawasawa.

Lakini siku hiyohiyo, tukiwa tunarudi, Bi Zaituni alinivuta kanga.

"Mama Anjela, huyu mzee wako amepimwa?"

"Amepimwa nini?"

"Ameingia kichakani mara ngapi toka tumetoka? Na maji yangu ya chupa kayamaliza yeye. Mimi nilikuwa hivyohivyo kabla sijaanguka dukani."

Nikamwambia mzee ametembea, ana kiu. Nilisema hivyo mdomoni. Moyoni kitu kilishaingia na hakikutoka.

Kuanzia hapo sikufanya kazi tena kwa amani. Tukiingia nyumba ya watu, macho yangu hayako kwa mtoto, yako kwenye kikombe chake. Niliona anavyoomba maji akishamaliza chai. Niliona anavyouliza choo kiko wapi, jambo ambalo mzee wa heshima halifanyi kwenye kila nyumba anayoingia. Koti lilianza kumning'inia. Watu walimwambia amepungua, wakamsifu, wakasema kweli mazoezi yanasaidia, na yeye akasema mnaona. Mimi nilisimama pale nikasikia baridi juani.

Na hayo yote yalitokea wakati ofisi imetuongezea somo: presha na sukari kwa watu wazima. Mzee Bura alilifundisha vizuri sana. Punguzeni sukari, punguzeni chumvi, tembeeni. Mwenye nyumba anasikiliza, halafu anashika sufuria akiwa hajui afanye nini.

"Sasa mzee, hii yako tunaweka au hatuweki?"

"Weka mama, weka. Mimi ni mgeni."

Nilimsubiri tukiwa wawili, njia ya Nangara, nikamwambia twende hospitali. Hakujifanya hajui ninachosema. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Umewahi kuona mchungaji anakutwa kilabuni?" akaniuliza. "Mahubiri yake yote yanarudi nyuma, mpaka ya miaka ambayo hakuwa anakunywa. Mimi nikionekana nina sukari, wale akina mama watasema kumbe hata mwenye maneno hayajamsaidia. Mayai yatarudi sokoni. Na mbaazi."

"Na wewe je?"

"Mimi nimeshazeeka."

Nilimwambia huo ni ujinga. Akaniambia mimi ni mwanafunzi wake. Nikamwambia mwanafunzi naye ana macho. Tukatembea mpaka Sigino, na hapo ndipo nilipoona anachechemea. Kidole cha mguu wa kushoto alikuwa amekifunga kitambaa. Katambuga imemkata, alisema, kitu kidogo. Siku zikapita, kitambaa hakikutoka. Badala yake akaanza kuvaa soksi kwenye katambuga.

Nilikwenda zahanati nikamwambia muuguzi. Akasema, "Mlete." Nikasema hataki. Akasema, "Mama Anjela, mimi siwezi kumdunga kidole mtu ambaye hayupo." Alikuwa sahihi, na nilirudi nyumbani nimemkasirikia.

Nikaamua kufanya nilichoweza. Kama hataki kuacha chai, chai itamwacha. Nikatangulia Sigino siku moja kabla ya zamu yetu, nikapita kwenye nyumba zote tulizopangiwa, nikawaambia kesho Mzee Bura akija mpeni chai bila sukari, na msimwambie kitu. Mama Daniel aliweka mikono kiunoni.

"Unataka nimpe mzee wa watu maziwa ya mgonjwa? Nitaonekana nimefilisika."

"Onekana."

"Halafu atanifikiriaje?"

"Atafikiri umefilisika. Hilo ndilo ninalotaka."

Wakakubali wote. Nililala usingizi mzuri, na huo ndio usingizi mzuri wa mwisho nilioupata kwa kipindi kirefu.

Kesho yake nyumba ya kwanza alionja, akasimama kidogo, akatazama ndani ya kikombe. Akakoroga kwa kijiko, labda imekaa chini. Haikuwa chini. Akanywa yote. Nyumba ya pili ikawa vilevile. Akatazama mwenye nyumba, mwenye nyumba akatazama kuku. Kwa Mama Daniel, ambaye kwa kawaida humtania mpaka anatoka getini, alipewa kikombe kimya kimya na hakutaniwa, kwa sababu Mama Daniel akifunga mdomo kuhusu jambo moja hufunga wote. Ile nyumba ya nne mzee alishika kikombe tu, hakukipeleka mdomoni.

Mimi ndiye niliyepanga na mimi ndiye ambaye sikuona. Nilikuwa nimefikiria sukari. Sikufikiria kwamba kwa watu wetu chai isiyo na sukari namna ile anapewa mtu mmoja tu, yule ambaye mnangoja aondoke. Na mzee alikuwa amepewa na kata nzima kwa asubuhi moja.

Tulipofika njia panda akanikabidhi begi la utepe na kadi. "Sigino hawanitaki tena," akasema. "Sikujua. Wangeniambia tu, nisingekaa."

Maneno yalinijaa mdomoni. Lakini nikiyasema, atajua kwamba nimeitangaza sukari yake nyumba kwa nyumba, kitu kilekile alichokiogopa. Nikalitundika begi begani. Akaenda kwake, anaburuta ule mguu.

Hakuja kesho yake, wala siku zilizofuata. Nikaenda kwake. Mke wake alinifungulia, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba halali usiku, hali chakula vizuri, na soksi haruhusu mtu aiguse. Chumbani kulikuwa na harufu. Wahudumu mliowahi kuikuta harufu ile mnaijua. Ambao bado, mtaijua. Yeye aliniambia akiwa ameutazama ukuta, "Waambie wamepata walichotaka." Nilimwambia habari ya hospitali mara nyingine tena. Akajifunika.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Mama Daniel. Nilimkuta anapepeta maharage. Nikamwambia yote, nikamwambia harufu. Akaacha ungo.

"Wewe ulitutuma, sasa umekwama."

"Nimekwama."

"Angalau umesema." Akaingia jikoni, akabandika chai. Akatuma waitwe majirani wawili ambao nao walikuwa wamempa mzee chai ile, na ilipoiva tukaongozana mchana kweupe, yeye mbele na birika, sisi nyuma na vikombe, kama watu wanaopeleka posa.

Mzee Bura alikuwa ameketi kitandani. Mama Daniel akapiga goti, "Shikamoo mzee." "Marahaba," kwa shida. Akamimina, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Hii haina sukari," akasema. "Na ya siku ile haikuwa na sukari. Tuliambiwa tukunyime, na tuliambiwa tusiseme. Kukunyima niliweza. Kunyamaza kumenishinda."

"Nani aliwaambia?"

Chumba kizima kiliniangalia. "Mimi," nikasema. "Na bado nasema unyimwe."

Akanigeukia. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu niliyemheshimu. "Kwa hiyo kata nzima inajua nina sukari."

"Inajua nini, mzee?" Mama Daniel akadakia. "Wewe hata hujapimwa. Sisi tunachojua ni kwamba choo changu unakitumia kuliko wanangu. Hilo halihitaji mashine."

Mke wake ndiye aliyecheka kwanza, akaziba mdomo. Halafu mzee mwenyewe mabega yakatikisika. Na akiwa bado anacheka machozi yakamtoka, tukageuza nyuso, tukajifanya tunapanga vikombe.

"Mlinichukia siku ile?" akauliza.

"Tulitaka urudi. Ungekufa nani angetupigia kelele ya mayai? Huyu?" Akaninyooshea kidole. "Huyu anafokea watu."

Basi akavua soksi. Sitaeleza nilichokiona. Nitasema tu kidole kile kilikuwa kimebadilika rangi na kidole cha jirani nacho kimeanza.

Bi Zaituni alitupatia pikapu ya duka. Pale hospitali walimpima, daktari akaangalia kimashine cha sukari, akapima tena, kisha akaanza kuongea haraka haraka na wauguzi. Hilo ni jambo la kujifunza: daktari akiongea polepole, kaa, akiongea haraka, omba Mungu. Mimi na mke wake tulikaa kwenye benchi hatujui kama atatoka na mguu. Nilishajiuliza kila swali. Kama ningesema mapema pale njia panda. Kama ningempeleka kwa nguvu. Mke wake alinishika mkono, hakuuachia mpaka mlango ulipofunguliwa.

Vidole viwili vilikatwa. Mguu ukabaki.

Masika yote alikaa nyumbani na mimi nilizunguka peke yangu, na kile alichokiogopa nilikisikia kwa masikio yangu. Singe, kwenye foleni ya kupima watoto, mtu alisema, "Kumbe mwalimu wa sukari naye anayo." Wenzake wakanyamaza kwa namna ya kukubali. Mama mmoja akaondoka na mtoto wake bila kupimwa. Sikumfokea. Nilikuwa nimechoka, nikaita mtoto aliyefuata.

Mvua zilipopungua mzee akatokea getini kwangu asubuhi, na viatu vya kufunika alivyopewa hospitali, na fimbo. Akasema tunaanza na kwa Mama Daniel. Tukashika njia. Nilimwomba kitu kimoja: wakikuuliza, sema umepona kidonda, basi. Mengine acha. Akasema, "Tembea, Mama Anjela."

Tulipofika, Baba Daniel alikuwa kwenye kigoda chake. Nilitegemea ainuke apite nyuma kama kawaida. Hakuinuka. Mama Daniel akaleta chai, na safari hii sukari ameiweka pembeni kwenye kibakuli, na watoto wawili wa jirani na mama yao wamesimama mlangoni kutazama mzee aliyekatwa vidole. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mzee, tuweke?"

"Hapana mama," Mzee Bura akasema, naye kwa sauti ya kawaida. "Nina sukari. Nilikuwa nayo muda wote nilipokuwa nawafundisha, na nilikuwa naiogopa."

Nikaangalia chini. Nikangoja kicheko, au ule ukimya wa Singe. Jirani akawaita watoto wake akaondoka nao. Nikasema moyoni, basi, imekwisha.

Baba Daniel akakohoa. Miaka yote ile sikuwahi kusikia sauti yake.

"Ulianzaje kujua?" akamuuliza mzee.

"Nilianza na kiu," Mzee Bura akamwambia. "Halafu choo. Usiku nainuka, nainuka. Wewe unalala vizuri?"

Baba Daniel alikuna kidevu. Alimtazama mkewe, akanitazama mimi, akatazama mikono yake mikubwa pale magotini.

"Mama Daniel," akasema, "nenda na Mama Anjela mkamwangalie yule ndama."

"Ndama ana nini?"

"Nendeni mkamwangalie."

Tukaenda. Nyuma yetu nilisikia kigoda kikiburutwa karibu na cha mzee, na sauti ya Baba Daniel ikaanza, chini, ikaendelea. Bandani Mama Daniel alishika kamba kwa mikono yote miwili, sikio lake likiwa kwa mumewe. Yule ndama alikuwa mzima, anatafuna, mkia unapiga nzi. Tulisimama pale tukamwangalia, tukamwangalia, mpaka chai zetu zikapoa kule nje.